Dirisha la Chini la Mwalimu Jokha

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Alhamisi, na Mwalimu Jokha alikuwa na unga mikononi.

Alikuwa akikanda mahamri juu ya ubao, kando ya meza ya kukatia nguo. Meza ile ilikuwa ya mumewe Mikidadi, fundi wa kanzu hapo Bagamoyo. Upande mmoja ulikuwa na kitambaa na mkasi, upande wa pili ulikuwa na kompyuta ya Jokha. Waliigawana hivyo miaka minne na hawakuwahi kugombania nafasi.

Simu ikalia. Jokha akainama kusoma, mikono ikiwa juu. Jamaa wa Pangani alikuwa amemaliza juzuu yake.

"Fundi," akasema, "nibonyezee. La chini."

Mikidadi akaichomeka sindano kwenye kola, akasogea. Kazi hiyo alikwisha kuizoea, maana mikono ya Jokha haikukaa bila unga au nazi. Alibonyeza mshale wa juu mara moja, kisha enta. Herufi hakuzijua, lakini mshale aliujua. Katika kile kidirisha cheusi chini ya maandishi, mstari ulioandikwa jana ukarudi wenyewe, na chini yake likaja swali. Jokha akamwambia aandike saba. Saba aliijua. Fundi asiyejua tarakimu angempimaje mtu kanzu?

"Zimebaki mbili," akasema Jokha, akarudi kwenye unga wake.

Wakanywa chai, na kabla haijakwisha mbili zile nazo zikaja, khitma ikatimia. Jokha alisema mahamri yamepungua iliki, Mikidadi akasema hayakupungua. Kisha Jokha akavaa buibui, akaenda Kerege kutoa pole kwa mwalimu mwenzake aliyefiwa na mama. Alianguka kizingitini mwa nyumba ile ya msiba kabla hajavua viatu. Walisema ni presha. Kabla ya alasiri alirudishwa Bagamoyo, amefunikwa kanga za watu wengine.

Alizaliwa Pangani, katika nyumba ya Yousuf bin Hamoudi, muuza vitambaa. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, na baadhi yao wamerudi huko. Baba yake alitaka akae dukani. Yeye alitaka kusoma, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu. Serikali ikampeleka Miono, bara huko mashambani, akafundisha miaka sita. Watoto wa Miono walimwogopa kwa hesabu na wakampenda kwa mengine yote. Alipohamishiwa Bagamoyo alikwenda kwa fundi kushonesha gauni la kazini. Fundi alikuwa Mikidadi. Gauni lilibana mabegani, akalirudisha. Likabana tena, akalirudisha tena, kisha mara ya tatu. Baadaye aliwahi kukiri kwamba mara ya tatu halikuwa linabana.

Kaka yake Hamoudi hakuipenda ndoa ile. Alimwuliza dada yake mbele ya watu kama amekosa mtu anayejua kutia saini. Mikidadi hakuwahi kukaa shule hata siku moja. Alikwenda chuoni kwa maalimu, akajua herufi za Kiarabu, akahifadhi juzuu ya amma yenye zile sura fupi, kisha baba yake akafa, akawekwa mbele ya cherehani. Siku ya ndoa alichovya kidole gumba kwenye wino. Hamoudi alitazama pembeni.

Wiki ile ile Jokha alimfundisha kuandika majina mawili, la Mikidadi na la Jokha. Alitaka waendelee na mengine. Mikidadi akasema hayo mawili yanamtosha. Aliona haya kufundishwa na mke kama mtoto. Jokha hakumsukuma, na neno lile halikuzungumzwa tena kwa miaka thelathini na moja. Siku hizi Mikidadi hulifikiria kila asubuhi.

Hawakujaaliwa mtoto. Aliyekuwa karibu kama mtoto ni Kholood, binti wa Ghalia, dada yake Jokha. Kholood hufanya kazi ya kompyuta huko Muscat. Jokha alipostaafu, Kholood alimletea ile kompyuta. Jokha alikuwa amepata mafunzo ya wiki sita ya walimu wa hesabu kabla ya kuacha kazi, akaonjeshwa kidogo namna ya kuandika programu. Mengine alijifunza mwenyewe, kwa kutazama video, kukosea na kufuta.

Mwanzoni alikuwa na madirisha mawili yaliyotengana. La kwanza la kuandikia, la pili lile jeusi la kutolea amri. Anaandika hapa, anahamia kule kuiendesha, inakataa, anarudi, hapajui tena pale alipokuwa. Alisonya siku nzima. Mikidadi alidhani kazi ile itamshinda. Siku moja akamsikia akicheka peke yake. Akamwita aje aone.

Alikuwa amegundua kwamba dirisha jeusi linaweza kufunguka humo humo ndani, chini ya maandishi. Vitufe viwili tu, cha chini pembeni kushoto na kile kidogo kilicho chini ya cha kona ya juu, likapanda lenyewe kama ngazi. Kholood aliliita teminali. Jokha aliliita la chini.

Alimweleza mumewe kwa lugha aliyojua ataielewa. Alisema ni kama mtu aliyezoea kupikia jiko la uani, kila mara anatoka mvuani kutazama chungu, kisha akaletewa jiko ndani. Anakata vitunguu huku anakiona chungu. Likitokea kosa, la chini linamtajia namba ya mstari, naye akilibonyeza pale linapolalamika, huko juu mstari wenye kosa unajitokeza. Wakati mwingine aliligawa mara mbili, upande mmoja programu inakwenda, upande wa pili anajaribia mengine. Mikidadi alisema ni vizuri. Hakuelewa nusu yake. Alimwelewa Jokha namna alivyofurahi.

Kitu alichokitengeneza kwa mwaka mzima ni kimoja, mgao wa khitma.

Mtu akifa, jamaa huisoma Kurani yote kwa ajili yake. Juzuu ni thelathini, wakigawana watu thelathini inakwisha upesi. Zamani walikaa chumba kimoja, kila mmoja akapewa kijuzuu chake mkononi. Sasa ukoo umetapakaa, Pangani, Dar, Miono, Muscat. Wakawa wanagawana kwenye simu, na huko ikawa vurugu. Watu wanne wanaitaka amma kwa kuwa wanaijua, watatu wanaitaka yenye Yaasini, na za katikati hazina mwenyewe. Khitma moja waliifunga, dua ikasomwa, watu wakala pilau, kisha ikagundulika juzuu mbili hazikusomwa na mtu. Jokha aliumwa na jambo lile. Alisema maiti hawezi kuja kudai.

Basi akaandika programu. Inauliza jina la marehemu, inatoa majina thelathini, kila jina na juzuu yake. Mtu akimaliza, namba yake inaandikwa hapo chini, nayo inasema zimebaki ngapi. Zikitimia inatangaza. Mikidadi alipangiwa amma siku zote. Jokha aliiandika hivyo ndani kabisa, asipate mtu wa kumnyang'anya.

Siku ya msiba wanawake walihitaji chumba. Jirani yao Wahida aliifunga ile kompyuta, akaizungushia ushungi wa Jokha, akaiweka kabatini. Ilikaa humo siku ishirini na nane.

Siku ya ishirini na nane Hamoudi akaja kutoka Dar kupanga arobaini. Alisema yeye atagawa juzuu kwenye simu, jambo la dakika kumi. Mikidadi akasema hapana. Alitaka khitma ya Jokha igawiwe na kitu cha Jokha, na zisomwe zote thelathini, isikose hata moja. Alisema hayo tu. Hamoudi akamgeukia.

"Shemeji, utaiendesha wewe?"

"Mimi."

"Wewe huyu?" Hamoudi akacheka kidogo, bila furaha. "Haya. Mashine ikikushinda nipigie, marehemu asije akangoja mpaka mwakani."

Asubuhi yake Mikidadi akaitoa kabatini. Ushungi ulikuwa bado una harufu ya udi. Akaichomeka kwenye umeme, ikawaka. Alikumbuka dirisha jeusi, akatafuta picha nyeusi, akaibonyeza. Likafunguka kubwa, limejaa kioo kizima. Akabonyeza mshale wa juu. Mstari ukaja, ule ule mfupi, alilijua umbo lake. Moyo ukamtulia. Akabonyeza enta.

Swali halikuja. Yakaja maandishi mengine, marefu, asiyoyajua.

Akarudia, yakarudi yale yale. Alijaribu siku ile mpaka adhuhuri, na asubuhi ya pili, na ya tatu. Hakumwambia mtu. Ilimwingia kwamba kitu kile kinamjua mwenyewe, kimeona mkono si wake. Wahida alipoleta uji akamkuta amekaa, mikono kwenye mapaja, anakitazama. Akamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Siku ya tatu alishika simu ampigie Hamoudi. Aliishika kitambo. Ikalia mkononi mwake, ni Kholood.

Alimwamkia shikamoo, akamwitikia marahaba. Wakaulizana hali, wote wawili wakasema nzuri. Kisha Mikidadi akamwambia.

"Baba, umeingilia wapi?" Kholood akauliza.

"Kwenye kile cheusi."

"Cheusi cha nje, au cha ndani?"

Mikidadi hakujua kama viko viwili. Kholood akamweleza polepole. Cha nje kinaikumbuka amri ya Mama mdogo, ndiyo maana mstari unarudi, lakini hakisimami kwenye folda yake, kinaitafuta ile programu mahali isipokuwepo. Cha ndani kikifunguka kinakuwa kimekwisha kusimama pale pale penye kazi yake.

"Ni kama wewe Baba umwambie mtu akuletee mkasi, naye amesimama nyumba ya jirani. Amekusikia vizuri. Mkasi ndio hauko."

"Kwa hiyo hakijanikataa."

"Hakijakukataa, Baba."

Akamwongoza. Picha ya buluu kwanza. Maandishi ya Jokha yakatokea, mistari ya rangi rangi, kama alivyoyaacha. Kisha vitufe viwili. Hakuhitaji kuambiwa ni vipi, maana herufi zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vya Jokha. La chini likapanda. Mshale wa juu, enta. Swali likaja.

Kholood akamwambia sasa aandike jina la marehemu.

Mikidadi aliliandika jina lile mara ngapi katika umri wake? Kwenye ukingo wa vitambaa vyake kwa chaki, kwenye mfuko wa sukari uliopelekwa nyumbani kwa kina Jokha, Pangani. Kwenye vitufe hakuwahi. Alichukua daftari la zamani la mahudhurio la Jokha, lenye jina lake juu ya jalada, akaliweka mbele, akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Kholood alingoja huko Muscat. Herufi tano zilichukua muda mrefu. Kisha enta.

Majina thelathini yakashuka. Kholood akamwambia apige picha kwa simu ampelekee, yeye atawatumia jamaa wote. Akafanya hivyo. Alipokwisha kukata simu akaitazama orodha. Hakuweza kusoma majina ya watu, ila mawili. La kwake lilikuwa mwisho, mbele ya thelathini. La Jokha lilikuwa juu, mahali pa marehemu.

Na lilikuwepo mara ya pili, katikati, mbele ya kumi na moja.

Kila khitma Jokha naye alisoma. Jina lake lilikuwa limo ndani ya programu pamoja na ya wengine, na hakuna aliyefikiri kulitoa. Orodha ilikwenda hivyo kwa ukoo mzima, na kila mtu akatafuta jina lake mwenyewe, akaliona, akafunga simu. Kholood labda aliliona. Kama aliliona, hakusema.

Mikidadi naye hakusema. Hakujua namna ya kulifuta, na hata angejua asingelifuta. Siku zilibaki tisa. Alichukua msahafu wa Jokha, akaufungua juzuu ya kumi na moja.

Hakuwa ameisoma tangu chuoni, na hata huko hakuifikia vizuri. Amma huisoma kama mtu anayepumua. Hii ilikuwa ni kupanda mlima. Kila baada ya alfajiri alikaa mezani, miwani puani, kidole chini ya mstari, akisoma neno na kulirudia. Asubuhi nzuri alimaliza kurasa tatu. Asubuhi mbaya moja, na siku mbili macho yalimwaga maji akashindwa hata hiyo. Kati ya hapo simu iliita. Ghalia amemaliza ya tatu. Biubwa wa Pangani amemaliza ya ishirini na mbili. Kila mmoja alimtajia namba, naye akabonyeza mshale wa juu, enta, akaiandika. Amma yake aliimaliza siku ya kwanza. La chini lilimhesabia, zimebaki ishirini, kumi na mbili, tano.

Siku ya arobaini ikafika, imebaki moja.

Watu walijaa barazani na chumbani. Wanawake walikuwa uani, sufuria zimefunikwa. Dua haisomwi mpaka khitma itimie, kila mtu anajua. Maalimu alikuwa ametulia na tasbihi yake. Hamoudi hakutulia. Aliingia chumba cha kushonea, akamkuta Mikidadi mbele ya msahafu na kompyuta imewaka.

"Shemeji, watu wamekaa. Zimetimia?"

"Bado moja."

"Moja ya nani?" Hamoudi alikuwa amechoka na joto. "Siku zote tisa mtu hajamaliza juzuu moja? Hana haya huyo. Nitajie, nimpigie mbele ya watu wote."

Mikidadi aliigeuza kompyuta imwelekee.

Hamoudi akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akavuta kigoda akakaa, kanzu yake ikagusa vipande vya nyuzi chini. Huko nje mtu alikohoa.

Kisha akasema wazigawe kurasa zilizobaki, wako watu wanaosoma haraka hapo barazani, robo saa itatosha. Au asome yeye mwenyewe. Alisema kwa upole, na Mikidadi hakuwahi kumsikia akimsemesha kwa upole.

"Zimebaki mbili," akasema Mikidadi. "Niache nimalize."

"Utachukua saa nzima."

"Nitachukua."

Hamoudi hakuondoka. Mikidadi akaweka kidole chini ya mstari, akaanza, kwa sauti. Pale alipokwama, Hamoudi alilisema neno chini chini, naye akalirudia, wakaenda. Pilau ilipoa. Wahida alichungulia mlangoni, akawaona vichwa vyao viwili juu ya msahafu mmoja, akarudi uani kuwaambia wenzake wangoje.

Aya ya mwisho ilipokwisha Mikidadi aliufunga msahafu, akaubusu. Akabonyeza mshale wa juu, kisha enta. Swali likaja. Akaandika moja, na moja tena. Kidole kilikaa juu ya enta kitambo kirefu, maana akibonyeza tu, Jokha hatadaiwa tena kitu chochote hapa duniani. Akabonyeza.

Hamoudi alimsomea yale maandishi, kwa kuwa yeye hakuweza: khitma ya Jokha imetimia, juzuu thelathini. Kisha akatoka kwenda kumwambia maalimu. Dua ikasikika ukutani, watu wakiitikia amini. Mikidadi aliitikia akiwa amekaa pale pale upande wake wa meza. Dirisha la chini hakulifunga.

Mwaka ule Jokha alipokuwa akiiandika programu, jamaa wakigombania juzuu nyepesi, Hamoudi huyu huyu alimpigia Jokha kumwuliza yeye amejichagulia ipi. Jokha alikuwa akikuna nazi, simu iko mezani, sauti imefunguliwa, na Mikidadi anapinda kola. Aliyasikia yote, na anayashika neno kwa neno:

"Gawaneni nyinyi kwanza. Itakayobaki niwekeeni mimi, nitaisoma."